Kikamba na tarakilishi: Kwa nini maktaba ya zamani hugoma katika toleo jipya

MWANAFUNZI wa tarakilishi kutoka Kitui au Makueni anayetaka kuunda programu ya kutambua maandishi ya Kikamba ana bahati ambayo waliomtangulia hawakuwa nayo. Kifaa cha kazi hiyo kipo tayari, na kwa masomo na utafiti hakilipiwi hata senti.

Tatizo ni kwamba kifaa chenyewe huenda kikakataa kuingia katika tarakilishi yake.

Mnamo Julai 2022, kampuni ya Meta ya Marekani, ambayo ndiyo mmiliki wa Facebook, ilitangaza mradi wa kutafsiri lugha 200 za dunia, zikiwemo Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo na Kikamba. Pamoja na mradi huo ilitoa faili ya kutambua lugha. Ukiipa sentensi, faili hiyo hukisia imeandikwa kwa lugha gani.

Faili hiyo, yenye uzito wa zaidi ya gigabaiti moja, haijiendeshi yenyewe. Husomwa na maktaba ya programu iitwayo fastText, ambayo kampuni hiyo ilianza kuisambaza mwaka wa 2016.

Kwa wasemaji wa Kikamba hili si jambo la kupuuzwa. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakamba 4,663,910 nchini, na Kitui, Makueni na Machakos ndizo kaunti za asili yao. Licha ya wingi huo, maandishi ya lugha yao katika mtandao ni haba, na hayo machache yaliyopo yamechanganyika na ya Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu.

Anayetaka kuunda kamusi ya simu, kisahihishi cha tahajia au programu ya kusoma matangazo kwa sauti lazima kwanza akusanye maandishi ya Kikamba kwa maelfu. Kuyachambua moja baada ya jingine kwa macho ni kazi ya miaka, ilhali tarakilishi ikiwa na maktaba inayofaa huimaliza katika dakika chache.

Hapo ndipo fastText inapohitajika, na hapo ndipo wengi hukwama.

MAKTABA ISIYO NA VITABU

Katika mazungumzo ya wanaprogramu, maktaba si nyumba ya vitabu. Ni mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa na watu wengine ili anayeunda programu asianze kila jambo upya. Anayehitaji kuchora ramani, kuhesabu wastani au kutambua lugha huiita maktaba inayohusika, naye huendelea na kazi yake.

Msimbo wa fastText umeandikwa kwa lugha ya C++, ilhali wengi wanaoutumia huandika programu zao kwa lugha ya Python. Msimbo wa C++ hauwezi kutumika jinsi ulivyoandikwa. Sharti kwanza ugeuzwe kuwa lugha ya mashine, kazi inayoitwa kukompaili, na programu inayoifanya huitwa kompaila.

Zao la kazi hiyo hufungamana na mambo matatu: mfumo wa uendeshaji, aina ya prosesa na toleo la Python. Faili iliyokompailiwa kwa ajili ya Python 3.10 hubeba nambari 310 katika jina lake, na kwa kawaida Python 3.12 haitaigusa.

Fundi wa magari mjini Wote anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Bolti ya lori la zamani na nati ya lori jipya zaweza kulingana kwa unene zikitazamwa, lakini meno yake yakitofautiana hazitashikana, na anayezilazimisha huharibu zote mbili.

Ndiyo maana kunakili folda nzima ya maktaba kutoka tarakilishi ya rafiki kwa flashi diski, jambo ambalo vijana wengi hulijaribu kwanza, huishia patupu ikiwa matoleo ya Python hayafanani.

Kwa kawaida mtumiaji haoni kazi ya kukompaili. Waundaji wengi wa maktaba huchapisha faili zilizokwisha kukompailiwa, na programu ya kusakinisha, pip, huchagua inayoifaa tarakilishi husika. Ikikosa inayofaa, pip huchukua msimbo mbichi na kujaribu kuukompaili papo hapo, katika tarakilishi ya mtumiaji.

Hii ndiyo siri ya malalamiko ya kila siku kwamba amri ile ile imefaulu kwa jirani na kushindwa kwangu. Jirani alipewa chakula kilichoiva, huyu mwingine akapewa unga, maji na jiko, na pengine jiko lenyewe halina moto.

SAFARI YA KUTOKA 22.04 HADI 24.04

Chukulia mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ambacho bewa lake kuu liko Kwa Vonza, Kaunti ya Kitui. Kipakatalishi chake kinatumia Ubuntu, mfumo wa uendeshaji usiolipiwa. Toleo lake la 22.04 lilikuja na Python 3.10 na kompaila ya GCC 11. Maktaba ikafanya kazi.

Baadaye anahamia Ubuntu 24.04, toleo lililotolewa Aprili 2024. Hilo lina Python 3.12 na GCC 13. Anarudia amri ile ile ya kusakinisha maktaba ile ile, na skrini inajaa maandishi mekundu.

Hakuna alichokosea. Kilichobadilika ni ardhi aliyosimama juu yake, na imebadilika katika sehemu tatu kwa wakati mmoja.

Kabla ya kuzieleza, kuna kanuni moja ambayo ikizingatiwa huokoa nusu ya muda unaopotea. Mstari wa mwisho wa maandishi hayo mekundu, ule unaosema kwamba ujenzi wa kifurushi umeshindwa, hauna habari yoyote. Ni tangazo la kifo tu, na chanzo chake kimetajwa juu zaidi, katika kosa la kwanza kabisa. Makosa yanayofuata mara nyingi ni watoto wa hilo la kwanza, na likiondolewa hutoweka yenyewe.

Wengi hunakili mstari wa mwisho na kuutafuta katika mtandao. Hupata majibu mia moja ya watu mia moja waliokuwa na magonjwa tofauti, kisha huyajaribu yote. Baada ya saa mbili tarakilishi huwa na matatizo ambayo haikuwa nayo asubuhi.

Kosa la kwanza likidai kwamba kompaila haipo, au kwamba faili ya Python.h haionekani, basi msimbo wa maktaba hauna lawama. Vifaa vya ujenzi ndivyo vinavyokosekana. Katika Ubuntu, vifurushi vya build-essential na python3-dev hutatua jambo hilo.

Kwa anayetumia Windows mambo ni ghali zaidi. Vifaa vya ujenzi vya Microsoft ni vya gigabaiti kadhaa, na anayenunua bando za intaneti kwa siku ataona uchungu wake. Kwake yeye ni heri kutafuta faili iliyokwisha kukompailiwa na watu wa kujitolea, mradi ajue imetoka kwa nani.

MABADILIKO MATATU

Badiliko la kwanza linahusu Python yenyewe. Kwa miaka mingi lugha hiyo ilikuja na sehemu iitwayo distutils, ambayo maktaba nyingi ziliitumia kujijenga. Wasimamizi wa Python walitangaza mwaka wa 2021, pamoja na toleo la 3.10, kwamba sehemu hiyo ingeondolewa. Ikaondolewa kweli katika toleo la 3.12, Oktoba 2023.

Isitoshe, kuanzia toleo hilo mazingira mapya ya kazi yanayoundwa kwa amri ya venv hayaji tena na setuptools, kifurushi kilichochukua nafasi ya distutils. Maktaba ya zamani ikiulizia distutils na kuambiwa haipo, mara nyingi dawa ni kusakinisha setuptools kwanza. Dakika moja inatosha.

Kwa miaka miwili kabla ya kuondolewa, kila aliyetumia distutils alionywa na tarakilishi kwamba siku zake zinahesabika. Maonyo ya aina hiyo hupita katika skrini kama matatu barabarani, na ni wachache wanaoyasoma.

Badiliko la pili ndilo linalowatisha wengi, kwa sababu limo ndani ya C++, lugha ambayo mtumiaji wa Python huenda hajawahi kuisoma. GCC 13, iliyotolewa Aprili 2023, ilipanga upya faili zake za ndani. Hapo awali, msimbo ulioomba faili moja ulipewa na nyingine kadhaa kama nyongeza, ikiwemo ile iitwayo cstdint, yenye maelezo ya aina fulani za nambari.

Waandishi wengi wa maktaba walizitumia nambari hizo bila kuiomba cstdint kwa jina, kwa kuwa ilikuja yenyewe. Katika GCC 13 nyongeza hiyo ilikoma, na msimbo uliofanya kazi kwa miaka ukaanza kukataliwa.

fastText ni mmojawapo wa waathiriwa. Kompaila ikifika katika faili yake ya args.cc hulalamika kwamba haijui uint64_t ni kitu gani. Anayesoma ujumbe huo kwa mara ya kwanza hudhani maktaba nzima imeharibika, kumbe kinachohitajika ni mstari mmoja mwanzoni mwa faili hiyo:

#include <cstdint>

Ujumbe huo una sehemu tatu zenye manufaa: jina la faili, nambari ya mstari na jina la kitu kisichojulikana. Hata asiyejua C++ aweza kuifungua faili hiyo na kuutazama mstari huo. Jina lenye mkia wa _t mbele ya kompaila mpya karibu kila mara huashiria faili ya maelezo iliyokuwa ikija yenyewe na sasa sharti iombwe.

Badiliko la tatu ni la hila kuliko yote, kwani hujitokeza baada ya ushindi. Maktaba imekubali, mwanafunzi amefurahi, lakini anapoipa sentensi ya kwanza inaanguka. Hapa mhusika ni NumPy, maktaba ya hesabu ambayo fastText huitegemea, iliyofika toleo la 2.0 Juni 2024.

Katika NumPy ya zamani, anayeomba data isinakiliwe alikuwa akisema tu kwamba angependelea isinakiliwe, na ikibidi, inakiliwe. Katika 2.0 ombi hilo likawa sharti: ikiwa kunakili hakuepukiki, programu husimama. fastText iliandikwa enzi za maana ya kwanza.

Njia fupi ni kusakinisha NumPy iliyo chini ya toleo la 2. Njia ya kudumu ni kufungua faili ya Python ya fastText na kubadilisha np.array yenye copy=False iwe np.asarray, ambayo ina maana ile iliyokusudiwa tangu awali.

KURUDI NYUMA AU KUREKEBISHA?

Wapo watakaouliza kwa nini mwanafunzi huyu asirudi tu kwenye Python 3.10. Swali hilo lina mashiko. Inawezekana kuwa na matoleo mawili ya Python katika tarakilishi moja, kila mradi ukiwa na mazingira yake yaliyotengwa, na anayetakiwa kuwasilisha kazi Ijumaa hana sababu ya kujifunza C++ Alhamisi usiku.

Hata hivyo, njia hiyo ni mkopo, na mkopo una tarehe ya kulipwa. Python hutoa toleo jipya kila Oktoba, na kila toleo hutunzwa kwa takriban miaka mitano. Toleo la 3.10 limepangiwa kufika ukomo Oktoba 2026. Baada ya hapo halipati marekebisho ya usalama, na maktaba nyingine zinazotumiwa na mradi huo huo huanza kulikataa moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo, kwa kazi ya darasani kurudi nyuma kunatosha. Kwa programu itakayotumiwa na watu, iwe ni katika shule ya Mwingi au zahanati ya Kibwezi, marekebisho yale matatu yafanywe, kwani jumla yake haizidi mistari michache.

Wala si Python pekee yenye tabia hii. Java 11, iliyotolewa Septemba 2018, iliondoa sehemu ya kushughulikia data za XML ambayo programu nyingi za afisini ziliitegemea, na miradi mingi ikaacha kukompaili siku ilipohamishiwa toleo hilo. Mfumo wa DHIS2, ambao Kenya ilianza kuutumia kote nchini mwaka wa 2011 kukusanya takwimu za afya, umeandikwa kwa Java, na matoleo yake yamekuwa yakidai Java mpya zaidi kadiri miaka inavyosonga. Anayeendesha mfumo kama huo hawezi kuchagua kubaki nyuma milele.

Gharama ya intaneti nayo ina dawa yake. Mwanafunzi mmoja akishaipakua maktaba na yote inayoyategemea kwa amri ya pip download, faili hizo zaweza kupitishwa darasani kwa flashi diski na kusakinishwa bila mtandao kwa kutumia chaguo la --no-index. Tofauti na kunakili folda, hapa pip hukagua yenyewe ikiwa faili inalifaa toleo la Python lililopo, na ikiwa haifai husema wazi.

HERUFI ZENYE MAWIMBI

Maktaba ikishakubali, jambo la kwanza ni kuipa sentensi ambazo lugha yake inajulikana, kisha kutazama majibu. Kwa Kikamba hatua hii ina mtego wa pekee.

Lugha hiyo ina vokali saba, na maandishi yake sanifu hutumia herufi ĩ na ũ kwa vokali mbili zisizokuwa katika Kiswahili. Neno la mtu, kwa mfano, ni mũndũ. Katika tarakilishi, herufi ũ yaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili: kama alama moja, au kama u ya kawaida inayofuatwa na alama ya wimbi. Kwa macho hakuna tofauti yoyote. Kwa fastText, ambayo hukata maneno vipande vya herufi chache na kuvilinganisha, hivyo ni vitu viwili visivyohusiana.

Sehemu ya Python iitwayo unicodedata hugeuza maandishi yote yafuate mtindo mmoja, na inafaa kutumiwa kabla ya sentensi yoyote kuingia katika maktaba. Apostrofi ya ng' nayo ichunguzwe, kwani simu nyingi huibadilisha kuwa alama iliyopinda bila kumwuliza mwandishi.

Jambo lisilorekebishika kwa urahisi ni mazoea ya watu wenyewe. Katika ujumbe wa simu wengi huandika mundu badala ya mũndũ, kwa kuwa kibodi haina herufi hiyo. Aidha, Kikuyu nacho hutumia ĩ na ũ, na lugha hizi mbili ni jirani. Sentensi fupi isiyo na mawimbi yaweza kupewa lugha isiyo yake, na kosa hilo halitokani na kompaila wala toleo la Python. Sentensi ndefu hutoa majibu ya kuaminika zaidi, na maneno mawili matatu pekee hayafai kuamuliwa na mashine.

Anayepanga kuuza programu yake ajue pia kwamba leseni ya faili ile ya Meta ya kutambua lugha hairuhusu matumizi ya kibiashara. Msimbo wa fastText wenyewe una leseni iliyo huru zaidi.

Limebaki swali la mahali pa kupeleka marekebisho. Meta iliifunga hazina ya msimbo wa fastText mnamo Machi 2024. Msimbo bado unasomeka na kunakilika, lakini hazina hiyo haipokei tena mabadiliko kutoka kwa mtu yeyote. Ule mstari mmoja wa cstdint hauwezi kurudishwa ulikotoka.

Aliyeirekebisha maktaba hiyo Kwa Vonza au Wote hana budi kutunza nakala yake mwenyewe. Pamoja nayo inafaa kuwekwa faili fupi ya maandishi inayotaja toleo la Python, la kompaila na la NumPy ambayo yamejaribiwa, pamoja na kila mstari uliobadilishwa na sababu yake. Python mpya itakapokuja Oktoba, yeyote atakayerithi mradi huo ataanza kusoma hapo.